Sura Mpya ya Adui

Chausiku alikuwa mfinyanzi wa vinyago vya mchezo wa vita, vile vidogo kama kidole gumba ambavyo watu huvipanga mezani, binadamu upande huu na viumbe wa sayari ya mbali upande ule. Wenye mchezo walimwomba awape viumbe hao sura mpya. "Wa zamani wanachekesha," walimwambia. "Tunataka wa kutisha."

Alipommaliza wa kwanza, akamweka dirishani akauke. Mumewe, Shomari, aliyekuwa akijifunza upya kutembea baada ya kupooza upande mmoja, akajikongoja hadi pale, akainama. Alimtazama kiumbe yule kwa muda mrefu.

"Mdomo huu naujua," alisema taratibu, maana maneno bado yalimwia mazito. "Ni wangu."

Chausiku akatazama. Kweli, mdomo ulikuwa umekwenda kombo, na jicho la upande huo limelegea. Mikono yake ilikuwa imefanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulikusudia. Aibu ikamshika. Akachukua kisu aukwangue mdomo ule, lakini Shomari akamzuia kwa mkono wake mzima.

"Mwache, mke wangu. Ila usimfanye askari wa kawaida. Mpe cheo."

Chausiku akakata kipande kingine cha udongo, akaanza kukisukuma mezani kiwe chembamba, kiwe joho la jemadari. Shomari akavuta kiti, akaketi mbele yake, akaugeuzia mwanga upande wa uso wake uliolegea, mkewe auone vizuri.