Mlango wa Mtu Mmoja

"Leo lazima mmoja wetu afe," Raihana alisema, hata pazia lenyewe halijatulia nyuma yake. "Kabla ya magharibi. Hakuna tena ujanja."

Mwanamke aliyeketi kwenye benchi akashtuka, akaubana mkoba wake kifuani. Raihana akaketi ubavuni pake.

Walikuwa katika kijichumba cha kujaribia nguo, nyuma ya duka la mabuibui huko Ndia Kuu. Nje ya pazia Ngowa, fundi wa duka, alikuwa akikanyaga cherehani, na kelele zile ndizo zilizowafanya Raihana na mwenzake Swabaha wapapende mahali hapa. Ukinong'ona humo, hata mtu wa mlangoni hakusikii.

Asubuhi ulikuwa umeingia ujumbe kutoka simu ya Swabaha: njoo pale petu, alasiri, naogopa. Basi. Raihana alitoka mtaani kwao Kuze mbio mbio, na alipofungua pazia hakuhitaji kuuliza ni nani aliye chini ya nikabu. Udi ulimwambia. Udi wa kina Swabaha hauuzwi dukani. Mama yake, Bi Fairuz, huuchanganya mwenyewe, akazifukiza nguo zote za nyumbani, na hapana mwingine Kuze nzima anukiaye vile. Wanawake wa Mji wa Kale wana haja gani ya nyuso kujuana?

"Mbona leo hufunui uso? Na glavu juu, joto lote hili! Mama yako amekushuku?"

Yule mwanamke akatikisa kichwa kukubali.

Raihana akamsogelea zaidi. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi: Swabaha ashikwe na simu yenye maneno yao, kisha apelekwe kwa ami yake Lamu akaozwe, na wao wawili wasionane tena maisha. Bi Fairuz si mtu wa kuchezewa. Akikutazama tu wajikuta waomba radhi, na hujui umekosa nini.

Na yote haya, subhanallah, kwa ajili ya mchezo wa simu! Mchezo wenyewe ni wa hadithi: picha, maneno ya kusoma, nawe wachagua msichana aseme nini na ampende nani. Kundi la wasichana limefungiwa ndani ya hoteli kisiwani. Kila jua likitua wanapigiana kura, na anayepata nyingi huuawa; mwishowe hutoka mmoja tu, maana mlango wa kutokea ni wa mtu mmoja. Majina wawapa wewe mwenyewe unayotaka. Wale wawili waliopendana humo waliitwa Raihana na Swabaha, wengine, kama Wanza, wakapewa ya kubuni tu. Tangu hapo wasichana hawa wawili wa Kuze, wakizungumza au wakiandikiana, ni "mimi" na "wewe", kana kwamba nao wamo mle ndani.

"Nani waliobaki?" mwanamke akanong'ona.

"Wewe na mimi. Si uliona Wanza walivyomzamisha?"

Mwanamke akaanza kutetemeka, hata benchi likawa linatikisika. Raihana akamshika bega. Maskini, huko nyumbani lazima kumechafuka kweli.

"Na tukienda polisi?"

"Polisi!" Raihana aliguna. "Yaani wewe, mzaha haukuachi hata leo."

Cherehani ikanyamaza. Wote wawili wakajibana, pumzi wamezizuia, mpaka Ngowa alipokohoa akaendelea na kazi yake.

"Nisikilize," Raihana alisema upesi. "Ule mlango ni wa mtu mmoja, hilo wewe walijua. Mimi nimeshaamua. Nitajipigia kura mwenyewe, nife mimi, wewe utoke. Usinipinge, maana ukinipinga kura zitalingana, tufe sote. Wallahi sikufichi, niliwahi kufikiria nikuache ufe wewe. Nikajaribu. Nikaona uso wako ukizama majini, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Siwezi."

Yule mwanamke akauweka mkoba chini. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kumbe ni mapenzi ya kiasi hicho?"

Raihana alitaka kucheka, akashindwa. Akatazama pazia.

"Kwani hujui?" akasema. "Yale niliyokuandikia juzi hayakuwa ya kuigiza. Nakupenda, Swabaha. Naogopa kulisema, hata humu. Kufa sikuogopi kama ninavyomuogopa mama yako."

Mkono wa glavu ukamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Swabaha hana. Mkono wa pili ukapanda, ukaifunua nikabu.

Alikuwa Bi Fairuz.

Raihana akajaribu kuinuka, ule mkono haukumwachia. Lamu, ndoa, aibu, baba yake, mtaa mzima, vyote vilimpitia kichwani mara moja, naye akafumba macho kungojea kofi.

Kofi halikuja. Alipofumbua, alimwona Bi Fairuz amepiga magoti sakafuni mbele yake, mashavu yamelowa machozi.

"Nimeyasoma yote mliyoandikiana, na ule ujumbe wa asubuhi ni mimi niliyeutuma," alisema. "Swabaha nimemfungia ndani kwa ufunguo, hao wauaji wasimpate. Nawe usirudi kwao peke yako, mwanangu, nipeleke. Waambie wanichukue mimi, mtu mzima, nimeshaishi. Nyinyi wawili tokeni."