Jasho la Mwimbaji

"Watazamaji tulikuwa kumi na wawili tu! Magwiji wa bendi tatu wameungana tena, Ifakara haina habari!"

Rafiki za mume wa Agnella walicheka, wakitazama kwenye simu video ya onyesho la mwaka juzi pale Viwanja Sitini. "Lakini shemeji, mumeo alituwakilisha. Mwone anavyomtunza mwimbaji!"

Agnella akainama kuitazama simu, sinia la wali mkononi. Kwenye video mumewe alikuwa akimfuta mwimbaji jasho, shingoni mpaka kwapani, kwa shuka jeupe lenye msalaba wa uzi wa bluu.

Msalaba ule aliudarizi yeye, kwenye sanda ya mwanawe aliyefariki hospitali mwaka uleule. Mumewe aliapa kwamba sanda ilisombwa na mto Lumemo akiipeleka hospitali, na mtoto akazikwa kwa kitenge.

Akaliweka sinia chini. Akamwita binti yake, aliyeposwa juzi.

"Mwanangu, kabla hujaenda kwa mume, njoo umtazame baba yako."