Meneja Hanyamazi

"Kilio kinaanza mkishapinda kona tu," Clifford alisema, kidevu juu ya ua wa mbao. "Kinapanda, kinashuka, kinatulia kidogo, halafu kinaanza upya. Huyo mbwa wenu atanitoa roho."

Njenga aliomba radhi huku amempakata mshtakiwa. Mshtakiwa akapiga mwayo.

Nyumba zao pale Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, ziligawana ukuta mmoja, na Clifford, mzee mstaafu, hakuwa mtu mbaya. Ila alitamka wazi: kilio kikifika Ijumaa, atampigia simu wakala wa nyumba. Na wakala alikuwa ameruhusu mbwa shingo upande, kwa sharti la kimya. Malalamiko ya kwanza, mbwa arudi alikotoka.

Njenga alitamani mbwa tangu utotoni. Mbwa wake mwenyewe, si yule wa boma wa kutupiwa ugali na kufokewa. Huyu alikuwa bado mchanga, masikio makubwa kuliko akili. Walimwita Meneja kwa sababu alilala mchana kutwa na chakula chake hakikukatwa.

Aliletwa Jumapili, siku moja baada ya nyumba hiyo kuzika kwa simu. Dada yake Mama alikuwa amefariki kule Nandi, Kenya. Mama, yaani mamake Jepchumba, mke wa Njenga, alikuwa huku Sydney kumtembelea binti yake, na hakupata ndege ya kuwahi. Basi walikaa watatu kwenye sofa, wakatazama jeneza likishuka ndani ya kioo cha simu, picha ikikwamakwama. Mama hakutoa chozi hata moja. Udongo ulipokwisha, alikaza leso yake kichwani, akaenda kusugua sufuria.

"Mama yako ni chuma," Njenga alimnong'oneza mkewe kwa fahari.

Jumatatu wakarudi kazini, Jepchumba kwenye wodi yake ya Westmead, Njenga kwenye ghala huko Smithfield. Meneja akafungiwa katika kizimba cha waya, ndani ya chumba cha kufulia. Mama alikuwepo nyumbani, lakini yeye na mbwa hawakuwa na undugu. Kwake mbwa ni mnyama wa nje. Isitoshe, magoti yake yalikuwa mabovu, na kijibwa kingemwangusha. Alikubali jambo moja tu: kumfungulia mchana akojoe uani.

Kilio kilianza siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa mbwa aliwaambia wasihofu. "Ametengwa na ndugu zake," alisema. "Mpeni muda, atazoea." Wakafunika kizimba kwa blanketi. Wakamwekea mdoli wa kutafuna. Wakamwachia redio.

"Sasa analia na muziki," Clifford aliripoti.

Jioni Jepchumba alimuuliza mama yake jikoni, "Mama, analia sana tukitoka?"

"Nani?" Kisu kilisimama juu ya kitunguu.

"Meneja."

"Aa, huyo." Kisu kikaendelea. "Huyo hana shida yoyote."

Ndipo Njenga alipoanza kuona mambo. Kiti cha jikoni kimehamia chumba cha kufulia. Blanketi limesukumwa kando. Na asubuhi ya Alhamisi, alipokwenda kumlisha mbwa, alikuta mkongojo wa Mama umeegemea kizimba.

"Sisemi kitu," alimwambia mkewe garini. "Nasema tu mkongojo ulikuwa pale."

"Njenga. Unasema mama yangu anampiga mbwa?"

"Mimi? Nimesema umeegemea."

"Basi kamuulize."

"Nimuulize mama mkwe! Unataka wazee wenu wanitoze ng'ombe mwingine wa faini?"

Jepchumba alicheka, kisha akaacha kucheka. Kweli, haulizwi. Tangu afike, Mama hakuwahi kuvua leso kichwani mbele ya mkwewe, wala kumlalamikia hata baridi. Na Njenga, akimkuta sebuleni, hukaa pembeni kabisa na kumsalimia kama anayehojiwa kazi.

Ijumaa alimdanganya msimamizi kwamba tumbo linamkata, akaendesha gari hadi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Aliliacha nyuma ya kona. Clifford alikuwa pale pale kwenye ua, simu mkononi, kidole cha mkono wa pili hewani.

"Sikia mwenyewe."

Akasikia. Mzee hakuwa ameongeza chumvi. Kilipanda, kikashuka, kikavunjika katikati, kikaanza upya. Njenga aliufikiria ule mkongojo, na zile mbavu ndogo zinazohesabika kwa kidole. Akainama, akapita chini ya kamba ya nguo, akasogelea dirisha la chumba cha kufulia, tayari kwa lolote, hata kwa ng'ombe.

Kizimba kilikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye kile kiti, kichwa wazi, mvi zake zote nje. Leso ilikuwa imemfunika Meneja mapajani mwake. Meneja alikuwa amelala fofofo, ulimi nje, kama meneja yeyote.

Kilio kiliendelea.

Njenga alirudi kinyumenyume, macho chini, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mama mkwe ndani.

"Umemwona?" Clifford aliuliza. "Ni mbwa, sivyo?"

"Ni mbwa," Njenga alisema. "Ametengwa na dada yake. Nakuomba, jirani, usimpigie mtu simu."