Nichagulie Baya Kuliko Yote

"Usinionyeshe mazuri," mwanamke alisema. "Nichagulie baya kuliko yote."

Chumvi alibaki na jiwe mkononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tangu afungue duka lake la samaki wa mapambo, hakuna mteja aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Watu walikuja kwake kununua mawe hai, vipande vya matumbawe yaliyokufa vilivyojaa vijidudu vya baharini, ili yawasafishie maji ya tangi na kuwapa samaki wao pa kujificha. Waliyanusa, waliyageuza, walimulika kila tundu kwa tochi ya simu. Jiwe likinuka yai viza, walilirudisha. Likiwa na rangi ya zambarau, waliling'ang'ania kama mtoto na ziwa la mamaye.

Huyu hakunusa wala hakumulika. Alisimama katikati ya matangi, taa za buluu zikimpaka usoni, amevaa vizuri, sauti yake tulivu. Nyuma yake alisimama mwanamume mpole aliyebeba ndoo ya plastiki. Chumvi alimkadiria kuwa dereva.

"Baya la kumpelekea nani, dada?"

"Mtu aliyenivunjia nyumba."

"Ahaa!" Chumvi alirudisha jiwe majini, akajifuta mikono kwenye suruali. Habari kama hizo alizipenda kuliko chai. Papo hapo akamwona huyo mwanamke mwingine: kijana, kucha ndefu, amejilaza kwenye kochi na mume wa watu, wakitazama samaki. "Na ana tangi?"

"Anayo mengi."

"Loo, kumbe anakula raha! Basi umefika penyewe, dada. Mwenye kovu usidhani kapoa."

Bila kuulizwa, akamsimulia jinsi alivyomkomoa shemeji yake aliyemsengenya ukweni. Alimzawadia jiwe zuri ajabu, ndani yake kaa. Kila taa zikizimwa kaa alitoka, akawamaliza samaki mmoja mmoja. "Mpaka leo anadhani ni ubaya wa maji. Ananipigia simu kuniomba ushauri!"

Dereva alicheka kidogo. Mwanamke hakucheka.

Chumvi akavuta beseni la kwanza. "Sikiliza hili." Ndani ya jiwe kitu kiligonga, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi. "Kamba mwenye ngumi. Anavunja konokono, anaua samaki, akikasirika hata kioo hakimshindi."

"Samaki hawajanikosea. Mimi namtaka mwenye tangi."

"Sasa hapo..."

"Huna lile lenye vifungo vya kahawia? Vimebanana kama vya koti kuukuu."

Chumvi alimtazama upya. Lilikuwepo moja, nyuma, kwenye ndoo yenye kifuniko. Wapiga mbizi walizoea kumletea ya namna hiyo yakiwa yamechanganyika na mengine, naye hakuwa mtu wa kutupa mali. Mteja asiyejua alifungiwa jiwe lake, akashukuru, akaenda zake.

"Kumbe mwenzangu mjuzi!" Alivaa glavu ndefu za mpira, akalitoa jiwe kwa koleo, akaliweka kwenye sinia juu ya kaunta. Vifungo, vijinyama vya baharini vilivyoota juu ya jiwe, vilikuwa vimefumba, vinang'aa kwa ute. "Hivi vikiingia kwenye tangi vinaenea kama umbea. Kila jiwe, kila pembe. Vitamla roho huyo."

"Na akitaka kuviondoa?"

"Atakuja hapa hapa, atakwenda wapi? Nitamwambia kama ninavyowaambia wote: toa jiwe, tia sufuriani, chemsha jikoni kwako. Linatoka jeupe kama yai."

"Wote unawaambia hivyo?"

"Wote! Mimi mteja simfichi kitu."

Dereva alisogea, akaegemea kaunta. Mwanamke alilitazama jiwe kwa muda. Akaweka mkoba wake juu ya kaunta.

"Basi nichemshie," alisema.

"Nini?"

"Nimebadili nia. Nataka nilione likiwa jeupe."

Chumvi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Dada, wewe ulikuja kutafuta ubaya, sasa unataka kuusafisha?"

"Jiko si hilo hapo?"

Pembeni ya kaunta palikuwa na jiko dogo la gesi, juu yake sufuria ya maji ya chai yaliyochemka muda si mrefu. Mwanamke alizunguka kaunta kana kwamba yuko kwake. Akawasha moto. Akachukua koleo, akalibana jiwe, akaliinua juu ya sufuria.

"Acha, dada. Humu ndani haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Huoni? Mlango mmoja, dirisha nimelipigilia misumari, hewa yenyewe ya kubangaiza..."

"Majikoni mwa watu kuna milango mingapi?" Akalishusha jiwe. Maji ya moto yakaligusa kwa chini, yakafuka mvuke.

Chumvi aliruka, akapiga teke kiti, akaziba pua kwa mkono wenye glavu. "Toa! Toa hilo, utatuua! Mvuke wake ni sumu! Niliuvuta mara moja tu, nikalala juma zima kama gunia, kupumua kwa shida, tangu siku hiyo mimi mwenyewe sijathubutu kuche..."

Mkono ukamshuka kutoka puani.

Mwanamke alilirudisha jiwe kwenye sinia, polepole, akazima jiko.

"Mume wangu hakulipata hilo juma," alisema. "Alilichemsha asubuhi, kama ulivyomwelekeza. Adhuhuri nilikuwa mjane."

Kisha akamgeukia yule mwanamume wa ndoo.

"Umesikia, afande?"