Donge la Chumvi la Katwe

Donge la chumvi halikuwa mezani.

Shallon alisimama na kipande cha mkaa mkononi, akitazama alama ya majimaji iliyobaki mahali pake. Sisi waombolezaji tulikuwa tumejaa nyumba nzima mpaka barazani, tunakula maharage na kupiga umbea kama ilivyo matangani.

Tangu asubuhi alikuwa akichora vitu ambavyo marehemu mumewe alimletea kila aliporudi Bwera kutoka kuvuna chumvi ziwani Katwe: jiwe la mto, unyoya wa kanga, tawi la mbuni lenye buni zake. Vivuli alivitia kwa mkaa wa moto wa matanga, rangi ya hudhurungi kwa kahawa nzito, na maganda ya buni aliyabandika palepale kwenye karatasi. Donge alilibakiza mwisho. Lilikuwa na alama ya dole gumba la mumewe, aliyelibonyeza likiwa bado bichi.

“Nani amechukua chumvi yangu?”

“Ni mimi, mutoto yangu,” mama mkwe aliitika kutoka jikoni. “Ya duka iliisha, na watu beko mingi. Kwani ilikuwa na kazi?”

“Lakini maharage leo iko tamu!” mzee mmoja alisema, mdomo umejaa. Tukamfinya.

Katikati ya mchoro palibaki peupe, ukubwa wa ngumi.

Shallon aliweka mkaa chini. Akaketi mkekani, katikati yetu, akanyoosha mikono yote miwili.

“Mama, nipakulie.”

Alikuwa hajaonja kitu tangu tumzike mumewe.