Kusalimia au Kuzika

Tangu barabara zote zirudishwe kuwa misitu, kila mtu ana safari moja tu ya ndege maishani, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Mpanda hadi Songea si mbali kwa ndege. Uji wa kwenye chupa hufika ungali moto.

Bi Mwasiti alifika kwenye dirisha la tiketi na chupa yake. Karani akamuuliza kama anavyowauliza wote: "Kusalimia au kuzika, mama?"

Bi Mwasiti akampigia simu kwanza binti yake Zawena, aliyelazwa Songea.

"Mwanangu, nakuja leo."

"Usije, mama. Ukija leo, siku yangu ikifika nani ataniosha?"

Bi Mwasiti akakata tiketi ya kuzika, isiyo na tarehe. Sasa kila asubuhi ndege ya Songea hupita juu ya paa lake, naye hushukuru kwamba hayumo.