Hodi ya Mlango wa Uani

Siku hizi kila nyumba hapa Tanga ina mlango mmoja unaofungukia vita vya Mjerumani; serikali imetaka tusisahau. Sharti ni moja: hodi ya kutoka huko haiitikiwi. Ukimkaribisha mtu, anabaki, na mmoja wenu anatoka kushika nafasi yake.

Sasa mwambie hayo jirani yangu Bi Mwanshamba! Jana alasiri alikuwa akisukuma chapati, mimi na mumewe tunacheza dama pale pale jikoni, hodi ikapigwa mlango wa uani, ndio wao wa vita. Mdomo ukamtangulia: "Karibu!"

Akaingia pagazi kijana, bega limechubuka kwa masanduku ya risasi. Nje askari akafoka, "Mwingine, upesi! Mzigo uko chini!"

"Nimekaribisha mimi, naenda mimi," akalia Bi Mwanshamba.

"Na magoti hayo? Utabeba nini, mwanamke wewe, labda umbeya!" Mumewe akavaa kandambili, akanigeukia. "Nawe usiniibie kete." Akatoka, mlango ukajifunga.

Leo nimekwenda kumpa pole. Nimemkuta pagazi anakula chapati kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Pole ya nini tena?" Bi Mwanshamba akanicheka, akamgeukia yule kijana. "Huyu mzee na vituko vyake! Mume wangu, mmiminie chai."

Nikaitazama picha ya harusi yao ukutani. Bwana harusi ni kijana yule, na mimi nimesimama nyuma yake, nacheka. Ndiyo maana naandika mbio. Jina la rafiki yangu limeshanitoka, na uso wake sasa hivi nauona nusu tu.